Ardhi Kame na Mali ya Umma: Ni Sadaka au Ni Deni?



Limeletwa mbele ya darsa letu suala ambalo kwa juu juu laonekana ni la mabwana shamba na wahandisi, wala si la watu wanaotafuta kupambanua jema na baya. Suala lenyewe ni hili: Serikali inapotoa mali ya umma kumsaidia mkulima wa nchi kame achimbe matuta, azuie maji ya mvua, au anyunyizie shamba lake, je, mali ile ni sadaka apewayo mhitaji, au ni ujira wa kazi, au ni deni ambalo jamii ilikuwa ikidaiwa tangu zamani? Na mkulima akisha kuipokea, naye anadaiwa nini?

Hatukuliona kuwa ni suala dogo. Jina tunalolipa jambo ndilo linaloamua namna ya kulitenda. Kikiitwa sadaka, mtoaji hujiona mkarimu, na mpokeaji hana ulimi wa kuuliza kwa nini amepewa kidogo au kwa nini amepewa mwenzake. Kikiitwa ujira, hupimwa kwa kazi, na kazi ikikoma nacho hukoma. Kikiitwa deni, hulipwa kwa wakati wake hata akiwa mwenye kudai hana nguvu ya kupiga kelele. Nasi hapa Machakos tuna ushuhuda wa karibu miaka mia juu ya majina haya matatu. Yafaa tuusome kabla ya kutoa hukumu.

Kwanza tuutazame udongo wenyewe huenda wapi. Mto Athi hupita katika nchi yetu, ukateremka nyikani ukaitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, kisha humwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Msimu wa mvua bahari ya hapo hugeuka nyekundu. Wekundu ule si wa bahari. Ni mashamba ya bara yaliyosafiri. Wataalamu walilichunguza tumbawe la Malindi lililoishi kadiri ya miaka 300, uchunguzi wao ukachapishwa mwaka 2007, na ndani ya jiwe lile wakakuta alama ya udongo kuzidi sana tangu mwanzo wa karne ya 20. Kadhalika bwawa la Masinga katika Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981 ili kuyatuliza maji ya mitambo ya umeme, limekuwa likijaa udongo utokao kwenye miteremko ya juu yake.

Basi mkulima wa Mwala au wa Mbooni anapochimba tuta na kuuzuia udongo wake, hajifanyii nafsi yake peke yake. Humfanyia pia mvuvi wa Malindi asiyemjua. Na mwenzake aliye kwenye miteremko ya Tana humfanyia mwenye kuwasha taa Nairobi na Mombasa. Faida ya tuta hugawanyika kwa watu wengi, lakini jasho lake hutoka katika kipaji cha uso wa mtu mmoja. Tukilielewa hili, tumekwisha kuupata mwanzo wa jawabu. Lakini tusifanye haraka, kwani wako waliolielewa hili nusu, na nusu ile ikaleta dhulma.

Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyepewa kazi ya hifadhi ya udongo, aliandika taarifa juu ya mmomonyoko katika Machakos. Aliyoyaona yalikuwa kweli: milima imekuwa vichwa vya vipara, makorongo yanaila ardhi. Walakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwapunguzia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu. Serikali haikuuliza kwa nini ng'ombe wamesongamana. Haikutaka kusema kwamba ardhi nzuri iliyozunguka nchi ya Wakamba ilikwisha kupewa walowezi, na kwamba watu na mifugo walisukumwa wakakaa penye nafasi ndogo. Ng'ombe wakakamatwa wakauzwa kwa bei ya chini, na pale Athi River kiwanda cha nyama kilikuwa kikiwangoja.

Mwezi wa Julai 1938 wanaume, wanawake na watoto zaidi ya elfu moja walikwenda Nairobi kwa miguu, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujakwisha serikali ililazimika kuiacha amri ile ya nguvu.

Na ajabu ya mambo ni hii. Miaka hiyo hiyo Marekani nayo ilikuwa katika msiba wa vumbi lililopeperusha mashamba ya majimbo yake ya kati, na maofisa wa Kenya walikuwa wakizifuatilia habari hizo kwa makini. Mwaka 1936 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kumlipa mkulima fedha ili auhifadhi udongo wake. Miaka miwili baadaye Machakos mkulima alinyang'anywa ng'ombe kwa sababu hiyo hiyo. Kilichotofautiana ni daraja ya mtu machoni pa serikali: mmoja alihesabiwa kuwa raia afaaye kushauriwa, wa pili akahesabiwa kuwa ni sehemu ya ugonjwa. Twasema hivi ili msomaji aone kwamba siasa ya udongo haiwezi kuwa njema ikiwa hukumu juu ya mwanadamu ni mbaya.

Baada ya vita vikuu vya pili mambo yalibadilika sura. Toka mwaka 1946 hadi 1962 ulikuwako mpango wa maendeleo ya ardhi za Waafrika uliojulikana kwa jina la ALDEV, na Machakos ilipata fungu kubwa la fedha zake. Matuta mengi yalichimbwa. Lakini yalichimbwa kwa amri, siku maalumu za wiki, chini ya jicho la chifu, na aghalabu wachimbaji walikuwa wanawake, kwa kuwa waume walikuwa wamekwenda mijini kutafuta mishahara. Katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, mfereji wa Yatta wa takribani kilomita 60, uletao maji ya Mto Thika katika uwanda wa Yatta, ulichimbwa kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini. Na pale Hola, katika bonde la Tana, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa mpaka wakafa kwa kukataa kufanya kazi katika mashamba ya kunyunyizia. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji yaliyoletwa kwa jina la maendeleo yakasingiziwa mauti yaliyoletwa na rungu.

Atasema msemaji: Pamoja na hayo, mfereji wa Yatta umekuwa ukiwanufaisha watu, na maarifa ya matuta yaliingia nchini kwa njia ile ile ya amri. Hatukanushi. Tunda la mti huweza kuliwa hata ikiwa aliyeupanda alipandishwa kwa mjeledi. Lakini kitu kuwa na manufaa hakuifanyi njia ya kukipata kuwa halali. Isitoshe, amri ile ilijidhuru yenyewe. Uhuru ulipofika mwaka 1963, mahali pengi matuta yaliachwa yakabomoka. Watu hawakuuchukia udongo wao. Walikichukia kumbukumbu ya kiboko. Jembe lilikuwa limekwisha kunuka utumwa.

Kisha likatokea jambo ambalo kwetu sisi ndilo somo kubwa kuliko yote. Katika miaka ya 1970 watu wale wale, katika ardhi ile ile, walirudi kuchimba matuta wenyewe, tena wakachagua aina yenye kazi zaidi: ile iitwayo kwa Kiswahili chetu fanya juu, ambayo mtaro huchimbwa kufuata usawa wa mlima na udongo wake ukatupwa upande wa juu, hata baada ya miaka michache shamba likawa kama ngazi tambarare. Walifanya kwa mwethya, yaani ule umoja wa kazi wa Kikamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Msaada wa serikali na wa nje ulikuja juu ya hima hiyo. Sweden ilianza kusaidia hifadhi ya udongo nchini mwaka 1974, na toka 1978 hadi 1988 ulikuwako mpango wa maendeleo wa Machakos uliogharimiwa na Jumuiya ya Ulaya. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuonyesha kwamba watu wa wilaya ile, waliokuwa kadiri ya 240,000 mwaka 1932, walikaribia 1,400,000 mwaka 1989, na juu ya hayo ardhi ikawa imehifadhika zaidi kuliko zamani.

Kazi ni ile ile, mkono ni ule ule, mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliamini kuwa tuta ni lake na mavuno ni yake. Hili latosha kuwajibu wanaodhani kwamba mwananchi maskini hahifadhi kitu ila akisukumwa.

Hata hivyo tusiigeuze hadithi hii kuwa kisingizio. Wako waliosema: Mwaona? Watu wanaweza wenyewe. Basi serikali na iwaache. Hiyo ni dhulma ya pili iliyovaa kanzu ya sifa. Kwani wachunguzi wengine walikwisha kutanabahisha kwamba aliyeweza kuchimba na kununua mbolea mara nyingi alikuwa ni mwenye mume au mwana anayepeleka mshahara kutoka Nairobi, au mwenye kahawa mlimani. Mjane wa chini huko kwenye ukavu, asiye na mtu mjini, hakuhesabiwa katika wastani. Wastani ni kipimo kizuri cha nchi, lakini hakimshibishi mtu. Maadamu faida ya tuta lake inafika hata baharini, kumwacha achimbe peke yake kwa sababu tu ameonekana ni hodari ni sawa na kutomlipa fundi kwa kuwa anaipenda kazi yake.

Kwa hivyo twasema wazi: mali ya umma inayotumika kuhifadhi ardhi kame si sadaka. Ni sehemu ya jamii katika gharama ya jambo ambalo jamii inalifaidi. Wala hili si ndoto. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao kwao wanaotumia maji chini huchangia hifadhi ya mashamba ya juu. Mwaka huo huo jirani zetu wa Makueni waliweka kanuni ya kutenga fungu la bajeti ya maendeleo ya kaunti kwa ajili ya kukabiliana na mabadiliko ya hali ya hewa. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeyahesabu maji safi na ya kutosha kuwa ni haki ya kila mtu. Kilichokwisha kuitwa haki hakifai tena kugawanywa kama peremende wakati wa uchaguzi.

Sasa tugeukie upande wa pili, kwani deni lina ncha mbili. Mtu aliyepokea mali ya wengi kunyunyizia shamba lake, anadaiwa nini?

Kwanza, anadaiwa asiyafanye maji yaliyookolewa kuwa kisa cha kuchota zaidi. Katika jimbo la Kansas huko Marekani serikali iliwapa wakulima ruzuku ya mitambo inayopunguza upotevu wa maji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba maji yaliyovutwa kutoka chini ya ardhi yalizidi badala ya kupungua, kwa kuwa wakulima waligeukia mimea yenye kiu zaidi na wakapanua mashamba. Huko Batinah, pwani ya Oman, pampu zilizidi hata maji ya chumvi ya bahari yakaingia katika visima na mitende ikaharibika. Basi mtambo mzuri katika mkono usio na kadiri ni njia ya haraka ya kufika kwenye ukame. Fedha ya kuokoa maji isiyofungamana na mpaka wa kuchota haikuokoa kitu.

Pili, anadaiwa jirani yake wa chini. Oman ile ile inayotuonya inatufundisha pia. Katika mifereji yake ya kale iitwayo aflaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia, maji ya kunywa hutangulia, kisha msikiti, ndipo mashamba, na kila shamba lina zamu yake iliyopimwa kwa saa. Hapana anayeuliza una nguvu gani. Huulizwa zamu ni ya nani. Na sheria yetu ilikwisha kulipambanua jambo hili tangu Madina, katika shauri la al-Zubayr na jirani yake: wa juu hutangulia kunywesha kwa kadiri ya haja yake, kisha hana budi kumwachia wa chini. Ubora wa mahali ni tangulizi ya zamu, wala si umiliki wa mto. Lakini leo katika mito yetu mwenye pampu kubwa hufunga mto wiki nzima anyweshee mboga za kupeleka sokoni, na walio chini wakachimba mchanga kwa mikono kutafuta ndoo moja. Ikiwa pampu ile ilinunuliwa kwa ruzuku, basi jirani ameshiriki kulipia kiu yake mwenyewe.

Tatu, anadaiwa mto wenyewe. Katika nchi yetu mito mingi hukauka, lakini chini ya mchanga wake maji hubaki. Kwa hivyo watu wa Machakos na Makueni wamejenga kuta za zege au mawe kukata mito ya msimu, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma ya ukuta na maji yajifiche ndani yake, mbali na jua. Ni hazina njema, nafuu, isiyohitaji mtambo. Na hazina hii ndiyo inayobebwa kwa malori usiku na mchana kwenda kujengea majumba ya Nairobi. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, walakini sheria bila macho ya wanakijiji ni karatasi.

Hapa pana uzito, nasi hatutaki kuuruka. Kijana anayepakia mchanga hupakia ili apate karo ya mdogo wake au unga wa jioni. Je, tumwite mwizi wa maji? Twaona kwamba kosa lina daraja. Mwenye njaa anayeuza kilicho miguuni mwake amekosea, lakini aliyemwachia njia hiyo moja tu amekosea zaidi, na anayenunua bila kuuliza mchanga umetoka mto gani, hali jumba lake litasimama juu ya kisima cha watu, sehemu yake haiwi ndogo. Kumkataza wa kwanza bila ya kumpa kazi nyingine, na bila ya kumgusa wa mwisho, ni kurudia yale ya mwaka 1938: kuponya udongo kwa kumwadhibu maskini.

Imebaki kusema juu ya namna ya kuitumia mali hii. Serikali zetu, ya kigeni na ya uhuru, zimependa miradi mikubwa yenye sherehe ya kukata utepe. Bura, katika bonde la Tana, ilikusudiwa katika miaka ya 1970 kuwa hekta 6,700 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Zikalimwa kadiri ya hekta 2,500 tu, gharama zikapanda, na kwa kuwa maji yalitegemea pampu, pampu ilipokufa shamba nalo lilizimia. Galana Kulalu ilianza mwaka 2014 kwa maneno ya ekari milioni moja na shamba la mfano la ekari 10,000, na hata shamba la mfano halikukamilika kwa wakati uliotajwa. Hatusemi kwamba kila kikubwa ni kibaya. Mto mkubwa hauzuiwi kwa jembe. Twasema kwamba fedha iliyozama katika mradi mmoja ulioshindwa ingalichimba matuta na kuta za mchanga katika vijiji vingi, na tofauti hiyo ni mali ya watu waliokosa.

Kwa hivyo darsa letu limeona kila mradi wa maji na ardhi ulioletwa mbele ya wananchi upimwe kwa maswali matatu. Nani atakunywa mwisho? Kwani kila mradi una mtu wa mwisho wa mfereji, na hali yake ndiyo hukumu ya mradi mzima. Nani anashika hesabu, na je, mwanakijiji anaweza kuiona bila ya kuomba kwa magoti? Na fedha itakapokwisha, ni kitu gani kitakachobaki ambacho wenyeji wanaweza kukitengeneza kwa mikono na maarifa yao? Mradi usio na jawabu katika haya, hata ukipambwa kwa bendera, ni mzigo uliowekwa kwenye mgongo wa watoto wetu.

Enyi ndugu, sheria ya nchi imewapa wananchi nafasi ya kusema juu ya fedha za umma kabla ya kutumiwa. Kifungu cha 201 cha Katiba kimeitaja. Lakini mikutano ya bajeti ya kaunti aghalabu huhudhuriwa na wachache, na wachache hao ni wale wanaojua wanachokitaka. Sisi hukaa barazani tukilaumu baada ya jambo kupita. Twanasihi kila mtaa uteue watu wawili waaminifu, mmoja wao awe ni mwanamke anayeteka maji, wahudhurie, waandike kilichoahidiwa, na warudi waseme. Na wenye mashamba ya juu wakae na wenye mashamba ya chini wapange zamu za mto kabla ya kiangazi, siyo wakati mapanga yamekwisha kutolewa.

Wazee wetu walikwenda Nairobi kwa miguu kuzuia dhulma ya amri. Dhulma ya siku zetu haina tarumbeta. Huja katika hesabu isiyosomwa na mfereji usiofika mwisho wake. Mvua za Oktoba, ambazo ndizo tegemeo la nchi hii, hazitangoja. Mwenye tuta lililobomoka na alitengeneze kabla hazijanyesha, na mwenye kushika mali ya umma na alipe sehemu yake kabla hajaulizwa.